Naomba ushauri: bibi hataki maji ya kuchemsha

Wakuu habari zenu, niko Ujiji hapa Kigoma, maji tunachota ziwani. Mtoto kaharisha mara mbili mwezi huu, zahanati wakasema ni bakteria wa kwenye maji, sasa bibi yangu anachuja na kipande cha khanga anasema yakishakuwa meupe basi salama, ya kuchemsha eti yananuka moshi. Nikamwambia vijidudu havionekani kwa macho, kajibu mbona sisi tumekunywa hadi tumezeeka. Nikaleta vidonge vya klorini, harufu ikamshinda kamwaga ndoo nzima jamani!

Hivi khanga ikikunjwa mara nne inazuia bakteria kweli au inatoa takataka tu? Na yakishaanza kutokota niyaache dakika ngapi ndo niepue, maana mkaa nao sio wa kuchezea.