Fadlu kaenda Raja: Simba imchukue Nabi, Gamondi au kocha mzawa? (mjadala wa Septemba 2025)

Damu ya Msimbazi (mleta mada):
Wakuu, habari za mchana. Kocha wetu wa Simba, Fadlu Davids, ndiyo hivyo, karudi Raja Casablanca ya Morocco, safari hii kama kocha mkuu. Jumapili tunarudiana na Gaborone United ya Botswana kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, tukiwa na ushindi wa bao 1-0 tuliochukua kwao, na Hemed Morocco ameazimwa kutoka Taifa Stars akae benchi siku hiyo. Lakini baada ya Jumapili maisha yanaendelea, kwa hiyo naomba tulinganishe majina kwa hoja.

Nasreddine Nabi: Yanga alichukua ligi mbili mfululizo, akacheza mechi 49 za ligi bila kupoteza mpaka Ihefu walipomkatisha Novemba 2022. Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini aliwapa Nedbank Cup mwaka 2025, kombe lao la kwanza baada ya miaka 10. Kwa sasa mambo yake kule hayajatulia, kwa hiyo anaweza kupatikana.

Miguel Gamondi: kocha wa zamani wa Yanga, anaijua ligi yetu, na juzi tu kawapa Singida Black Stars Kombe la Kagame. Tatizo ana mkataba, na Singida hawatamwachia bure.

Wazawa: Juma Mgunda na Selemani Matola. Hawa hawahitaji kuelezwa Simba ni nini.

Mimi namtaka Nabi. Semeni nyie.

Kijiwe cha Tandale:
Gamondi hapana, mkuu. Mtu aliyetupiga 5-1 Novemba 2023 tumpe jezi nyekundu? Mimi siku ile nilikuwa uwanjani. Bao la nne lilipoingia jukwaa letu lilianza kumwagika ngazini, mzee mmoja mbele yangu akavua kofia yake akaikunja, akaitia mfukoni. Siwezi kumshangilia yule bwana.

Mtani Jangwani:
Ndugu zangu, mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, ila nasema la kweli. Kama hoja ni kutufunga sisi, Gamondi ndiye anayewafaa. Timu yake inakaba kuanzia juu, winga na kiungo wanabadilishana nafasi mpaka beki hajui amfuate nani. Mwaka 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi Sundowns hawakumfunga hata bao moja kwa dakika 180, tukatoka kwa penalti, na lile shuti la Aziz Ki lililokataliwa kuwa bao hatutalisahau. Tulimwachia Novemba 2024 kwa kufungwa na Azam halafu Tabora United 3-1. Mechi mbili tu. Moyoni bado namkumbuka.

Nabi ni mtu wa mpangilio. Ukimpa muda timu inakaa sawa, lakini mwezi wa kwanza mtapiga kelele.

Dada wa Tanga:
Naona Mgunda anatajwa kwa heshima kisha anawekwa pembeni, kama kawaida. Tukumbushane. Septemba 2022 kocha Zoran Maki alituacha akiwa hajamaliza hata miezi mitatu. Mgunda akatolewa Coastal Union, akapewa timu asiyoisajili yeye, akaenda Angola akawapiga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, nyumbani 1-0, tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa kocha Robertinho, Mgunda akasogezwa. Aprili 2024 kocha Benchikha akaondoka, akaitwa Mgunda yule yule. Kila moto ukiwaka anaitwa azime, ukizimika nyumba anapewa mwingine. Kama anaweza kuvusha timu kwenye shida, kwa nini hajawahi kupewa usajili wa dirisha zima na maandalizi ya msimu?

Kijiwe cha Tandale:
Dada, nakubali alitubeba. Ila msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, Azam wakatupita.

Dada wa Tanga:
Alipokea timu mwishoni mwa Aprili, kaka. Mechi zilizopotea kabla yake nazo zimo kwenye msimamo ule.

Mchambuzi wa Mbagala:
Mleta mada umetaja makombe. Mimi nataka twende kwenye kitu kingine: kocha akiondoka, klabu inabaki na nini?

Kocha wetu Sven Vandenbroeck Januari 2021 aliwatoa Platinum ya Zimbabwe kwa ushindi wa 4-0 kwa Mkapa, hata shangwe hazijapoa tukasikia kaenda FAR Rabat. Fadlu kaondoka na wasaidizi wake. Yaani mtu wa viungo, mtu wa video, wote aliokuja nao. Leo Hemed Morocco anaingia mazoezini, nani wa kumwambia mchezaji kama Mpanzu amebeba dakika ngapi, nani anachoka baada ya saa moja, mpira wa kona tulikuwa tunaupangaje?

Tusimkosee Fadlu. Aprili 2025, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Al Masry ya Misri, tulikuwa nyuma 2-0 kutoka mechi ya kwanza, akarudisha zote mbili kabla ya mapumziko, Mpanzu na Mukwala, penalti tukavuka, tukafika fainali ya Shirikisho. Berkane ya Morocco wakatushinda 2-0 kwao, Amaan kule Zanzibar tukatoka 1-1. Ni kazi kubwa. Lakini dhidi ya Yanga kapoteza mechi zote nne, bila bao hata moja, na hatukupata jibu kwa sababu aliyekuwa anazisoma mechi hizo ni mtu wake, na sasa kaondoka naye.

Kwa hiyo mimi simchagui kwa jina. Naanza na sharti: mtaalamu wa viungo, mchambuzi wa video na kocha wa makipa wawe waajiriwa wa klabu, siyo wa kocha. Anayekuja aje na msaidizi mmoja. Anayekataa, tumshukuru, tuendelee na mwingine.

Damu ya Msimbazi:
Mkuu, makocha wakubwa hawakubali hilo. Nabi atataka watu wake.

Mchambuzi wa Mbagala:
Aje nao, ila na wa kwetu wawepo kwenye kila kikao na kila faili la video libaki klabuni. Viongozi waliandike kwenye mkataba, pamoja na fidia ya maana akitaka kuvunja katikati ya msimu.

Mzee wa Leseni:
Na kabla ya yote tuulize vyeti. CAF haina msamaha kwenye leseni, kocha wetu Didier Gomes ilimsumbua mwaka 2021. Tusije tukamtambulisha mtu kwa mbwembwe kisha akakae jukwaani.

Mtani Jangwani:
Hilo la leseni kweli kabisa.

Dada wa Tanga:
Sharti la Mchambuzi nalipenda, na linanipa hoja zaidi. Kama benchi ni la klabu, basi Mgunda anaweza kupewa mchambuzi na mtu wa viungo wa kiwango kile kile anachopewa mgeni. Hajawahi kupata hivyo vitu. Tumpime akiwa navyo.

Damu ya Msimbazi:
Bado nipo kwa Nabi, mkataba wa miaka miwili, faili zibaki Msimbazi, Matola aendelee kuwa msaidizi. Viongozi wakishindwana naye, Mgunda apewe msimu mzima, siyo "wa muda". Gamondi namwachia Kijiwe cha Tandale aamue kama anaweza kusamehe.

Kijiwe cha Tandale:
Siwezi, mkuu. Mgunda.