Wauza spea Tanga, mnatuuzia transista feki halafu lawama anabeba fundi

Wakuu, salaam. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa amplifaya zinazokata fyuzi. Siombi msaada hapa. Nalalamika, na nina vipimo.

Nipo Ngamiani, kazi yangu redio na vyombo vya muziki. Kuna bi mkubwa wa Makorora anakodisha vyombo kwenye harusi na maulidi, nikamuundia amplifaya kuanzia bodi. Transfoma ya 35-0-35, yaani volti 35 kila upande wa waya wa kati, ikishapita kwenye dayodi na kapasita inatoa kama volti 49 kila upande. Mwishoni, pale panapoendesha spika, nimefunga jozi mbili za transista kubwa, 2SC5200 na 2SA1943, kwa kila chaneli. Transista nimenunua duka la hapahapa mjini, kwa bei ya orijino, na mwenye duka kaniapia kwamba ni orijino.

Ikafa harusini. Kina mama wameshasimama kutunza, spika ya kushoto ikakoroma mara moja, moshi ukatoka, shughuli ikasimama.

Nilichokikuta ndani ni hiki. 2SC5200 moja imepiga shoti kati ya miguu yake ya kolekta na emita, mita inasoma sifuri huku na huku. Rezista yake ya emita, 0.22 omu ya wati 5, imepasuka katikati. Transista za kusukumia zile kubwa, 2SC4793 na 2SA1837, zimekwenda zote mbili, na njia ya shaba kwenye bodi imenyanyuka. Halafu spika. Transista ikishapiga shoti namna ile, volti 49 za DC, umeme wa upande mmoja usiogeuka, zinaingia moja kwa moja kwenye koili. Koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inasoma kama 6, piga hesabu mwenyewe: ni wati 400 za joto tupu, koni imesukumwa upande mmoja na haitikisiki. Kabla hamjaniuliza rilei ya kulinda spika, ile swichi inayoikata ikitokea hitilafu, iko wapi, ipo! Ilijaribu kukata, DC ikapiga cheche katikati ya vile vipande vya kugusia, vikashikamana. Nimevibandua kwa bisibisi.

Nikarudi dukani na mzoga mkononi. Jibu: "Fundi, kitu kikishaguswa solda hakirudi." Nikamwambia kaka, transista ya mwisho utaijuaje nzima bila kuifunga? Akasema basi nimezidisha mzigo, na tena Tanga joto.

Haya, tuongee mzigo. Kwenye volti 49 na spika ya omu 8, mkondo hauwezi kuvuka ampea 6 hata sauti ikifika mwisho kabisa. Jozi ni mbili, kwa hiyo kila transista inabeba 3. 2SC5200 ya kweli imeandikwa ampea 15, volti 230, wati 150. Joto linalobaki ndani ya transista zote nne za chaneli, kwa hesabu ya kitabuni, ni kama wati 60 pale panapokuwa pabaya zaidi, yaani 15 kila moja. Kumi na tano kwa kitu cha 150! Spika halisi inakorofisha kuliko rezista, nakubali, weka mara mbili, weka mara tatu, bado hujafika. Na bati la kupoozea nililigusa dakika chache kabla, kiganja kinavumilia. Maika za kuhami zipo, girisi ipo, transista ya kusawazisha baiasi (ule mkondo mdogo unaopita hata bila sauti) imefungwa kwenye bati lilelile.

Kwenye majaribio je? Nimeiwasha kwa balbu ya wati 100 ya waya, imefungwa mfululizo na laivu: iling'aa kidogo kapasita zinajaa, ikazima; kungekuwa na shoti ingebaki inawaka. Kwenye spika, DC chini ya milivolti 20. Kila rezista ya emita milivolti 11, maana yake miliampea 50 kila transista, zote zinafanana. Na hapa ndipo penye ubaya wa hizi feki, vijana mnaojifunza shikeni hili: zinafaulu vipimo vya kawaida vya mezani. Kwa mita zinasoma dayodi mbili safi. Kwenye balbu zinatulia. Baiasi inakaa. Zinakufa siku ya mzigo, mbele ya watu, na jina linaloharibika ni la fundi.

Nikaibana ile iliyokufa kwenye jiliwa, nikapasua plastiki kwa patasi. Silikoni iliyomo ndani, kile kipande kinachofanya kazi yenyewe, ni punje ya mtama, milimita 2 na kidogo kila upande, kona moja imetobolewa na moto, waya wa emita umeyeyuka. Nikatafuta 2SC5200 mbovu niliyowahi kuitoa kwenye amplifaya ya zamani ya Kijapani, nikapasua na hiyo. Kipande chake upana ni zaidi ya mara mbili, kila upande. Eneo zaidi ya mara nne! Joto linashuka kwenye bati kupitia eneo hilo, hakuna njia nyingine. Umechukua transista ndogo ukaivika koti la kubwa, ukaandika namba ya kubwa. Maandishi yenyewe, nikipitisha pamba yenye asetoni ya kutolea rangi ya kucha, yakafutika. Ya zamani imechorwa kwa leza, nimesugua hadi pamba ikaisha, namba ipo.

Zile nilizokuwa bado sijafunga nikazipima kapasitansi, uwezo wa kutunza chaji, kati ya mguu wa besi na wa kolekta; silikoni ikiwa ndogo, nayo inakuwa ndogo. Mita yenye kipimo hicho si ghali siku hizi. Zilisoma sehemu ndogo tu ya ile ninayoijua kuwa ya kweli. Hiki kipimo hakihitaji solda, hakiharibu kitu, kinachukua nusu dakika kaunta. Nilimwomba muuzaji tupime pamoja ndani ya boksi lake, akalifunika na kuniambia nina maneno mengi.

Hilo ndilo linaloniuma. Kuuza kopi si kosa ninalolijadili, wapo wanaounda redio za chumbani na kopi inawatosha. Basi iite kopi, uza bei ya kopi. Unamwapia mtu kwa jina la Mungu, unapokea hela ya orijino, halafu unamfunika boksi? Spika nimelipa mimi. Bodi nimelipa mimi. Bi mkubwa kapoteza shughuli ya wiki iliyofuata, na Makorora nzima sasa inajua fundi wa Ngamiani anaunguza vyombo.

Wauzaji mliomo humu, na najua mmo: andikeni risiti yenye namba ya transista na neno orijino, na mruhusu mteja apime kabla ya kulipa. Anayekataa viwili hivyo aseme hapa anakataa kwa nini.

Mafundi wa Chumbageni, Mabawa, Pongwe, mnaokuja kuniambia "badilisha tu transista uwashe", kwanza pasueni mlizotupa kwenye kopo, mpige picha silikoni pamoja na rula, mziweke chini ya uzi huu. Zangu naziweka kwenye komenti ya kwanza.