Ushauri: hela ya giza inaishia wapi kabla mbalamwezi haijaisha?

Mama Wawili: Wakuu habarini za saa hizi. Nipo Igombe, Mwanza, nanunua dagaa mwaloni, naanika, napeleka soko la Kirumba. Giza, zile siku zisizo na mwezi ambazo dagaa wanavuliwa, likiwa zuri nabaki na kama laki nne, najiambia safari hii laki mbili haiguswi, ni mtaji. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi inalala, basi leo buku tano, kesho kumi, mara shemeji kafiwa, nikija kushtuka giza limeanza sina hata ya magunia nakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Mwezi uliopita nililia jamani. Tatizo ni mimi?

Chacha wa Ziwani: Dada bila nidhamu hutoboi. Weka kwenye simu usiiguse, basi.

Mtu wa Nansio: Chacha usimuonee, hela ya kwenye simu inatoka dakika moja. Dada, haya mambo nimeyasoma chuo na yalifanyiwa utafiti hapo jirani tu, Busia ya Kenya, na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, wakauchapisha 2011. Wakulima walikuwa wanasema kabisa msimu ujao tunaweka mbolea, ukifika wakati wa kupanda hela imeshayeyuka. Hawakuwahubiria nidhamu. Waliwafuata wametoka tu kuvuna, hela bado ipo: lipia mbolea sasa hivi, tutakuletea bila nauli. Ofa ndogo hiyo, ya siku chache, na walionunua mbolea waliongezeka sana, karibu sawa na kushusha bei kwa kiasi kikubwa baadaye. Kwa hiyo nia unayo dada, ila hela unaikalisha siku kumi nzima mbele ya watu wenye shida. Siku unayouza Kirumba, kabla hujapanda daladala, lipia magunia ya giza lijalo.

Chacha wa Ziwani: Mh, hapo nimekuelewa. Samahani dada.

Mama Wawili: Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Muuza magunia namfahamu, nikimlipa atanitunzia stoo kwake. Ila kuna hela ya mafuta ya mtumbwi, nahodha anataka nimtangulizie ndo aniuzie mimi kwanza. Nayo nimpe mapema?

Mtu wa Nansio: Aliwahi kukuzungusha?

Mama Wawili: Mara moja, alipeleka kwa mwingine.

Mtu wa Nansio: Basi usimpe keshi. Nunua petroli mwenyewe umkabidhi giza likianza, kwa sasa anza na magunia.