Nyie mnaojaza watu muvi hapa Mbeya, kwa nini mnafuta sabtaito??

Wakuu habari za usiku, leo nina hasira acha niseme.

Nina mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu, hasikii toka mdogo, aliugua homa ya uti wa mgongo. Kusoma ndo usiseme, Kiingereza cha kusoma ananishinda hata mimi. Anapenda tamthilia za Kikorea, na bila maandishi pale chini anabaki kuangalia watu wanachezesha midomo tu.

Sasa Jumamosi nikapanda daladala kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa, mvua inanyesha, nikampa jamaa flashi ya giga 32 nikamwambia kabisa kaka nataka yenye sabtaito ya Kiingereza, vipande vyote 16. Akasema ipo bosi, ondoa shaka. Nafika home nachomeka kwenye laptopu, video 16, faili la srt, lile linalobeba sabtaito, hata moja hakuna. Dogo kashajifunika blanketi, baridi ya huku mnaijua, kipande cha kwanza kimeanza anasubiri, anasubiri, mwisho akaninyooshea kidole pale chini ya skrini panapokaaga maandishi. Nilijisikia vibaya jamani.

Jumapili nikarudi. Jamaa ananijibu eti vile vifaili vidogo huwa anavifuta vinajaza nafasi na vingine virusi. VINAJAZA NINI?? Srt ni maandishi matupu, ifungue na Notepad uone, kuna namba, chini yake muda kama hivi 00:12:41,300 --> 00:12:43,900, halafu maneno ya kusomwa, basi. Muvi nzima ni KB mia na kitu tu, yaani unafuta hiyo unaacha video ya MB 700 unasema unaokoa nafasi!

Akaniambia basi chukua za kutafsiriwa, DJ anaelezea kwa Kiswahili. Nimetoka kukwambia HASIKII.

Ikabidi nitafute srt mwenyewe kwa bando langu. Nazo hazitokei, maana jamaa kaziriname video zote kaweka jina la duka na namba ya simu mbele. VLC, ile programu ya kuchezea video, inajichukulia sabtaito yenyewe kama ipo folda moja na video na majina yanafanana, sasa hapo yatafanana wapi? Nimekaa naandika jina moja moja mara 16, na kompyuta imeficha vile viherufi vya mwisho wa jina la faili (.srt, .txt) kwahiyo moja niliyoisevu kutoka Notepad ikawa srt.txt bila mimi kujua, nusu saa nzima nahangaika nayo.

Haya zimetokea. Mwanzo ziko sawa, kufika katikati mtu ameshalia ameshanyamaza ndo maneno yake yanakuja. Nikabonyeza kwenye VLC G ziwahi, H zichelewe, kila ukibonyeza ni milisekunde 50, unapatia hapa dakika kumi mbele zimeachana tena. Kumbe srt ilitengenezewa video ya fremu (picha) 23.976 kwa sekunde na hii ya jamaa ni ya 25, ndani ya saa moja zinapishana kama dakika mbili na nusu! G na H zinasogeza zote kwa pamoja, haziwezi kuponya hiyo. Ile srt aliyoifuta ndo ilikuwa inaendana na video yake, na ameshaitupa.

Hela yangu nimelipa kamili, mkuu, na nauli mara mbili. Ukinikopia folda ikopi ILIVYO, usichague, usibadilishe jina, namba yako ya simu andika kwenye karatasi.

Kama kuna mtu anamjua anayejaza bila kufuta, iwe Kabwe, Sokomatola, popote pale mjini, naomba anielekeze. Dogo ameishia kipande cha pili na anafungua shule wiki ijayo.