Madalali wa magari ya mashindano ya zamani, Tanga mmetuchosha: mnachukua historia kwa bei ya skrepa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Mjomba wangu ni fundi wa siku nyingi Ngamiani. Uani kwake kuna Datsun 160J, na si Datsun ya kubebea mkaa. Ile ilikimbia rali za hapa nchini. Ndani mabomba ya kizimba cha kumkinga dereva gari likipinduka yamechomelewa mpaka sakafuni, mbele vishikio vya taa nne bado vipo, chini kuna bamba nene la kukinga sampo, yaani bakuli la oili ya injini, lote limechubuliwa na mawe ya Handeni. Chumvi ya bahari imekula milango, lakini namba ya chesesi ilikuwa inasomeka vizuri.

Akaja dalali kutoka Dar. Shikamoo nyingi, maneno matamu. Akamwambia mzee gari limekwisha, hilo ni la kupima kwa kilo. Mzee akakataa kuuza. Jamaa akabadilisha gia: "Basi mzee wangu, nipe kibati cha namba ya chesesi, kadi ya gari na zile picha za zamani nikawaoneshe wateja, nitakurudishia." Akaacha laki mbili za usumbufu. Sasa hivi simu hapokei.

Kwa msioelewa kwa nini mtu aache gari akimbilie kibati: huko Ulaya gari la mashindano la zamani halinunuliwi kwa chuma chake. Linanunuliwa kwa rekodi yake, nani aliliendesha, wapi, mwaka gani, na namba ya chesesi inayothibitisha kwamba ni lenyewe. Aliyeshika namba halisi na karatasi zake anaweza kuokota bodi nyingine yoyote ya 160J, akaijenga upya na kuiuza kama ndiyo iliyokimbia. La mzee linabaki uani halina jina, pacha wa uongo anapelekwa mnadani. Huu ni wizi, tusiupake rangi!

Na pesa yenyewe si ya mchezo. Mwaka 1987 Ford walitengeneza Sierra Cosworth RS500 mia tano tu ili ikubaliwe kwenye mashindano ya Kundi A, daraja la magari yanayotokana na yale ya kuuzwa madukani. Mwaka 2023 moja iliyokuwa imetembea kidogo tu ilipigwa mnada Uingereza, ikavuka pauni 500,000. Sisemi Datsun ya mjomba inafika huko, haifiki hata kwa mbali. Ila mtu anayejua soko limefika wapi, halafu anamtajia mzee bei ya kilo za chuma, huyo hana haya.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba thamani hiyo imetengenezwa kwenye vumbi letu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, ndugu wa zile Pijo ambazo wazee wetu walipandia kwenda Korogwe na Lushoto. Mwaka 1979 na 1980 Shekhar Mehta, dereva wa Kenya, akashinda kwa Datsun 160J, aina ile ile ya mjomba. Yalikuwa magari ya watu wa kawaida yaliyotayarishwa na mafundi wenye mikono. Leo fundi aliyeyatayarisha analaliwa, na aliyekuja na suti ndiye anakula.

Halafu ukitaka kulifufua mwenyewe, vipuri navyo vimepaa. Kabureta za Weber za pembeni, ambazo zamani zilikuwa zinatupwa chini ya meza za gereji, sasa unatajiwa bei ya dola. Injini ya L16, ile ya 160J, iliyo nzima, utazunguka mpaka Horohoro mpakani. Na matajiri wengi wanaoyanunua wanayafungia ghalani yapande bei, hawathubutu hata kuyapitisha kwenye kona ya changarawe. Gari la mashindano lisilokimbia ni la nini?

Watu wa Tanga, Muheza, Pangani: kama nyumbani kuna gari la namna hii, piga picha ya kibati na kadi leo. Mtu asiondoke na karatasi mkononi bila mkataba wa maandishi na mashahidi, hata kama anakuita baba.

Na wewe dalali, najua unapita humu. Mzee hataki laki mbili zako, amezifunga kwenye bahasha zinakusubiri. Lete kibati, lete kadi, lete picha zote. Ripoti iko polisi tayari.