Dar kwenda Makete na gari ndogo mwezi wa 12: nipandie Chimala au nizungukie Njombe?

Mtoa mada
Habari zenu wakuu. Mwezi wa 12 nina safari ya Makete, mimi, wife na binti yetu wa miaka minne. Kuna rafiki yangu tulisoma wote chuo, yeye na mkewe ni walimu pale Iwawa, Makete mjini, mwaka huu alifiwa na mama yake na mimi sikuweza kwenda kuzika, nilituma rambirambi kwa simu tu na mpaka leo inaniuma, kwa hiyo hii safari lazima iwepo. Yeye ananiambia nije na Njombe, ni lami mpaka kwake. Ila wife ameona picha za maua ya hifadhi ya Kitulo anataka tunyooshe mpaka Chimala, tupande Matamba, tukatize hifadhini ndio tuibukie Makete. Gari ni IST, haina shida yoyote ila ni ya chini. Waliopita huko naombeni ushauri wa kweli.

Fuso la Viazi
Mkuu mimi nimeshusha viazi Matamba kwenda Chimala miaka mitatu. Ule mlima wenyeji wanauita Hamsini na Saba, ni idadi ya kona hiyo, na sio kona za Kitonga kwamba kuna lami na una nafasi ya kupishana, hapa ni vumbi na mawe, upande mmoja ukuta wa mlima upande wa pili unaliona bonde lote la Usangu liko chini yako. Kiangazi IST inapanda taratibu, nimeziona. Mwezi wa 12 mvua imeshaanza, ikinyesha asubuhi ile njia inateleza balaa na ukikutana na fuso limejaa mzigo linashuka wewe ndio wa kurudi nyuma maana yeye akisimama vibaya hashikiki. Una mtoto ndani. Nenda Njombe.

Dada wa Uyole
Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu njia ila usimnyime mkeo maua jamani! Tulienda mwezi wa pili na gari ya kukodi, kule juu ni kama mita 2,600 hakuna miti ni majani matupu mpaka macho yanachoka halafu ndani ya majani kuna maua ya kila rangi, okidi peke yake zipo aina zaidi ya 40. Ndio maana wanaiita Bustani ya Mungu, na mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya matangazo mpaka nilipofika. Mwezi wa 12 ndio yanaanza na yanaenda mpaka wa nne, kwa hiyo mmepanga muda mzuri. Usitegemee simba wala tembo, huko ni maua na ndege.

Muwanji wa Matamba
Mimi ni mzaliwa wa huku, nikuambie ninavyowaambia ndugu zangu wa Dar. Njoo na Makambako, kata kushoto Njombe, panda Makete, mfikie rafiki yako kwanza kwa sababu ndicho kinachokuleta. Huwezi kwenda kutoa pole umechelewa siku mbili kwa sababu umekwama kwenye tope. Ukishakaa nao siku mbili tatu mwambie akutafutie gari ya juu na dereva wa huko huko, mtoke Makete alfajiri mkaione Kitulo mrudi siku hiyo hiyo. Asubuhi ni muhimu maana mchana ukungu unashuka ghafla huoni hata mbele ya boneti. Kushuka kwenye gari na kutembea ndani ya hifadhi kuna kiingilio, lipieni, msijifiche.

Na baridi usiichukulie poa. Watu wanadhani ni mwezi wa sita na wa saba tu, mvua ikinyesha huku hata mwezi wa 12 mtoto wa Dar atatetemeka. Sweta mbili, soksi, kofia. Mkiletewa jiko la mkaa chumbani oteni moto halafu litoeni nje kabla ya kulala, tafadhali sana, hewa ya sumu ya mkaa haionekani na inaua watu usingizini.

Mtoa mada
Asanteni sana, nimemsomea wife yote amekubali, kumbe maua tunayapata bila kuhatarisha mtoto. Tutalala Iringa siku ya kwanza halafu kesho yake Njombe na kupanda. Swali la mwisho, nibebe nini? Pole ya kwenye bahasha nitampa ila sitaki kuingia kwa mzee wake na bahasha tu.

Muwanji wa Matamba
Mchele. Huku juu hatulimi mpunga, tunalima viazi, ngano, pareto. Ukikuta mchele wa Usangu hapo Makambako chukua nusu gunia, na kutoka kwenu beba dagaa na nazi, mama wa nyumba atafurahi. Ukifika, usikae tu sebuleni ukala ukaondoka, mwambie rafiki yako akupeleke makaburini kwa mama, mkeo na mtoto waende pia. Sisi huku mtu aliyekosa mazishi akifika kaburini hakuna anayemhesabia tena. Viazi vya kurudi navyo usinunue, watakujazia buti mpaka ikatae kufunga.