Tiba mpya ya selimundu: mzazi wa huku aanzie wapi?

Mama Neema, Morogoro
Habarini wapendwa. Binti yangu wa miaka tisa ana selimundu (siko seli), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi ikiingia tu, miguu inamuuma, analala amekunja magoti na chupa ya maji ya moto tumboni. Nasoma kuwa Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy mwaka 2023, tiba inayohariri jeni. Na CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri jeni inayotumika humo, ilitangazwa 2012! Miaka 11 tu kutoka maabara hadi kwa mgonjwa. Sisi tunaingilia wapi?

Muuguzi wa watoto
Pole sana mama. Casgevy huko Marekani inauzwa dola milioni 2.2, na kabla yake mgonjwa hupewa kemotherapi kali ya kusafisha uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Usiisubiri. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea. Huongeza himoglobini ya kichanga (protini ya damu ambayo mtoto huzaliwa nayo), hivyo chembe nyekundu za damu hazijipindi ovyo. Utafiti wa REACH uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha maumivu yalipungua, hata malaria. Dawa ya zamani, lakini inaokoa watoto.

Baba Juma
Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu. Ana ndugu wa baba na mama mmoja anayeweza kumtolea uloto?

Mama Neema
Ana kaka yake! Asante, nitauliza yote mawili. Haidroksiyurea tuliandikiwa, ila dukani haikuwepo, tukarudi na vidonge vya foliki (vitamini) tu. Akianza, anapimwa damu?

Muuguzi wa watoto
Ndiyo, mara kwa mara, hasa mwanzoni. Dawa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Usiruke kumpima damu hata akionekana mzima.